Uzi: Kliniki ya meno, viti viwili, daktari hachelewi ila foleni haiishi. Tatizo liko wapi?

#1 GegoLaMwisho

Wakuu, habari za kazi. Naomba uzi huu uwe wa uendeshaji wa kliniki ya meno siku kwa siku, siyo matibabu yenyewe. Kung'oa na kuziba watu wamesomea. Namna ya kuifanya siku iishe bila watu kununiana ndiyo haifundishwi.

Hali iko hivi: viti viwili, madaktari wawili, wasaidizi wawili, mtu mmoja mapokezi. Otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke) moja ya lita 18. Seti nane za kuziba, na hendipisi nne za kasi (mashine za mkononi za kuchonga jino, zinazozungushwa na upepo wa kompresa). Miadi ni kila nusu saa kwa kila kiti, kuanzia saa tatu asubuhi. Mwanzoni mambo ni mteremko. Ikigonga saa tano kila kitu kinaganda: benchi limejaa, daktari anasubiri trei, na upepo wa kiti cha pili unakata nguvu katikati ya kuchonga. Kufunga ni saa moja usiku badala ya saa kumi na moja jioni.

Mwenye kliniki anataka kuongeza kiti cha tatu ili foleni ipungue. Itasaidia? Tiririkeni.

#2 TreiMbili

Mwambieni bosi asitoe hela bado. Kinachowachelewesha ni vifaa, viti havina kosa. Tupige hesabu kwa namba zako mwenyewe.

Viti viwili, kila kimoja wagonjwa wawili kwa saa, ni seti nne kwa saa. Seti zako nane zinatoka hivi: mbili saa tatu, mbili saa tatu na nusu, mbili saa nne, mbili saa nne na nusu. Saa tano kabati ni jeupe.

Sasa angalia zinarudi lini. Saa nne unakuwa na seti nne chafu. Kuloweka na kupitisha kwenye mashine ya altrasoniki (inayosafisha kwa mitetemo ndani ya maji), dakika 15. Kusuuza, kukausha na kukagua, 10. Kupaka mafuta na kufunga mifuko, 10. Otoklevu pamoja na kukausha, tuseme 50. Kupoa, 10. Jumla dakika 95, yaani saa tano na dakika 35. Hapo ndipo nusu saa yako inapopotelea, na kuanzia hapo kila mgonjwa anamsukuma mwenzake hadi jioni.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Hendipisi ni nne, kwa hiyo ratiba ikiwa ya kuziba tupu zinaisha saa nne kamili, siyo saa tano. Kama hapo saa nne hamsimami, maana yake kuna hendipisi inapanguswa na spiriti na kurudishwa mdomoni mwa mgonjwa mwingine. Turbaini (kigurudumu kinachozunguka ndani ya hendipisi) ikisimama inavuta ndani mate na damu kidogo. Kupangusa nje hakugusi kilichoingia ndani. Hilo lisimamishwe leo, hata kabla hamjaanza kupanga ratiba.

Mashine yako inatoa mzigo mmoja wa seti nne takriban kila saa. Mahitaji ni seti nne kwa saa. Iko ukingoni kabisa, mzunguko mmoja ukigoma siku imekufa. Ukiweka kiti cha tatu mahitaji yanakuwa sita, mashine bado nne. Utakuwa umenunua benchi refu zaidi.

Mpangilio wa kununua: kwanza seti zifike 12, pili hendipisi zifike angalau nane, tatu otoklevu ya pili. Kiti baadaye.

#3 Chapchap_Kazi

Mkuu TreiMbili, mbona mnajitesa? Otoklevu nyingi zina mzunguko wa haraka, nyuzi 134 kwa dakika tatu bila kufunga mifuko. Vifaa vinatoka ndani ya robo saa. Na kabla ya hapo loweka kwenye klorini, viini vyote vinakufa, husugui sana.

#4 TreiMbili

Ndugu Chapchap, tulitenganishe hilo.

Dakika tatu kwa nyuzi 134 ni muda wa kushikilia joto, na unaanza kuhesabiwa mashine ikishafika joto hilo. Haujumuishi kupasha wala kukausha. Ni halali kwa kifaa kigumu kisicho na tundu, kinachotoka na kutumika papo hapo. Kifaa kisichofungwa kikikaa mezani saa moja, hakihesabiki tena kuwa kimetakaswa. Na hendipisi ina matundu membamba ndani. Mashine ya kawaida ambayo mvuke ndio unaosukuma hewa nje bila pampu, ile aina ya N, haiondoi hewa yote humo. Palipobaki hewa, mvuke haufiki. Ndiyo maana kwa hendipisi na vifaa vilivyofungwa inatakiwa aina ya B, yenye pampu inayofyonza hewa kabla ya mvuke kuingia.

Klorini kwenye chuma acha kabisa. Inakula chuma cha pua kwa vidoa vidogo vya kutu, hasa kwenye maungio ya koleo na mikasi, na vidoa hivyo vinahama hadi kwenye vifaa vingine ndani ya otoklevu. Klorini ni ya sakafu na damu iliyomwagika.

Usafishaji unaookoa muda ni huu:

Damu isikauke. Msaidizi akimaliza anaweka vifaa kwenye chombo chenye kifuniko, chenye sabuni ya vimeng'enya au hata maji tu yenye sabuni ya vifaa. Maji ya vuguvugu, chini ya nyuzi 45. Ya moto sana yanaigandisha protini juu ya chuma na hapo utasugua hadi uchoke.

Altrasoniki: ukibadilisha maji iwashe dakika tano hadi kumi ikiwa na maji bila vifaa, hewa iliyoyeyuka itoke, la sivyo mitetemo inadhoofika. Koleo ziwe wazi. Vifaa viwe kwenye kikapu, visilale chini kwenye sakafu ya beseni, wala visirundikane. Maji yabadilishwe kila siku kwa uchache, na mapema zaidi yakichafuka. Kupima kama inafanya kazi, ning'iniza kipande cha karatasi ya alumini kwenye maji kwa sekunde 20 hivi. Kikitoka na vitobo na mikwaruzo midogo iliyoenea sawasawa, mashine nzima. Upande mmoja ukibaki laini, huko chini kuna kisukumo kilichokufa.

Kwenye otoklevu kosa linalojirudia ni kujaza. Mifuko isimame wima kwenye kishikio, upande wa karatasi uangalie upande wa plastiki wa jirani yake. Ukiilaza tabaka juu ya tabaka itatoka na unyevu, na mfuko wenye unyevu unahesabika mchafu, unarudi mwanzo. Watu wanaupeperusha mbele ya feni! Karatasi ikilowa inapitisha bakteria, feni haibadilishi hilo.

#5 Dkt_Kiini

Nakazia hapo kwa TreiMbili, na niongeze vipimo. Utepe unaobadilika rangi nje ya mfuko unakwambia tu kwamba mfuko ulipita kwenye joto. Haukwambii vilivyomo ndani vimetakaswa. Weka kiashiria cha ndani kinachopima joto, muda na mvuke kwa pamoja. Kwa mashine yenye pampu, kipimo cha Bowie-Dick (cha kuona kama hewa yote inatolewa) kila asubuhi chumba kikiwa tupu kabla ya mzigo wa kwanza. Kila wiki kipimo cha spora (mbegu sugu) za bakteria Geobacillus stearothermophilus. Andika namba ya mzigo kwenye mfuko na kwenye faili la mgonjwa. Kipimo cha spora kikifeli utajua ni nani wa kumfuatilia, badala ya kubahatisha.

Mleta uzi, hesabu ya TreiMbili ni sahihi kwa karatasi, lakini usinunue kitu kabla ya kupima. Kwa wiki mbili, kila mgonjwa aandikiwe saa za matukio matano kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye trei: alipofika, alipoketi kitini, sindano ya ganzi ilipochomwa, daktari aliponyanyuka, na kiti kilipokuwa tayari kwa anayefuata. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili ni la mapokezi na ratiba. Kati ya ya pili na ya tatu, mara nyingi ni faili halijapatikana au eksirei haijapigwa. Kati ya ya nne na ya tano ni usafi wa kiti. Pengo likiwa kubwa kwenye usafi, hata seti 20 hazitakusaidia.

Usafi wa kiti ukifanywa kwa mpangilio ni dakika nane hadi kumi. Ncha kali kwanza, na anayezitoa ni yule aliyezitumia. Kisha maji yapitishwe kwenye mipira ya hendipisi na bomba la maji na upepo kwa sekunde 20 hadi 30. Kisha plastiki za kufunika zitolewe, glavu zibadilishwe, sehemu zipanguswe mara mbili: mara ya kwanza kuondoa uchafu, ya pili kuacha dawa ikiwa imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Hapa watu wengi wanaibia muda. Dawa inayotaka dakika mbili ikikaushwa kwa sekunde kumi haijafanya kazi yake.

#6 GegoLaMwisho

Asanteni sana wakuu. Suala la hendipisi limenishtua, nimelielewa. Je, hakuna njia ya kupunguza mahitaji kabla seti mpya hazijaja? Na upepo kukata nguvu kiti cha pili, ni kompresa ndogo au?

#7 DadaMapokezi

Kaka Gego, njia ipo na haina gharama. Ipo kwenye daftari la miadi.

Kwanza, vunja nusu saa. Panga kwa vipande vya dakika kumi. Uchunguzi vipande viwili, kung'oa jino la kawaida vitatu, kuziba uso mmoja vitatu, kuziba nyuso mbili vinne au vitano, kuanza matibabu ya mzizi wa gego sita au zaidi. Anayejua idadi ni daktari, kwa hiyo aandike mwenyewe kwenye faili kabla mgonjwa hajatoka: "46, mzizi, vipande 6, hendipisi 1" (46 ni namba ya jino). Mapokezi akiachiwa kukisia, kila kitu kitakuwa nusu saa.

Pili, viti visianze pamoja. Kiti cha kwanza saa tatu kamili, cha pili saa tatu na dakika 20. Vikianza pamoja vinamaliza pamoja, halafu wagonjwa wawili wanasimama kwa mapokezi, trei mbili zinafika chumba cha usafi kwa wakati mmoja, na wasaidizi wote wawili wanapangusa huku hakuna anayeita mgonjwa.

Tatu, changanya. Uchunguzi, kung'oa, kutoa nyuzi, kujaribisha meno bandia, hivyo kwa kawaida havigusi hendipisi ya kasi. Ukipanga kiti kimoja kinaziba wakati kingine kinang'oa au kuchunguza, hendipisi nne zinafika hadi saa tano bila mtu kukosa. Zinazotumika zianze kurudi kabla ya hapo.

Nne, acha nafasi za dharura mbili, dakika 20 kila moja, moja kabla ya saa sita na nyingine mchana. Zisijazwe hadi asubuhi ya siku yenyewe. Dharura ndani ya dakika 20 ni kutuliza maumivu: kuchunguza, eksirei moja, kufungua jino au kutoa usaha. Matibabu kamili anapewa miadi. Daktari mwenye huruma anayemaliza kila kitu papo hapo ndiye anayewalaza njaa wenzake.

Kwenye simu ya dharura mapokezi awe na maswali kwenye karatasi. Kuna uvimbe? Umefika shingoni au jichoni? Anameza vizuri? Anapumua vizuri? Mdomo unafunguka? Ana homa? Uvimbe pamoja na shida ya kumeza au kupumua haupangiwi miadi, anaelekezwa hospitali moja kwa moja. Jino la utu uzima lililong'oka kwa ajali: alishike kwa upande wa kutafunia bila kugusa mzizi, aliweke kwenye maziwa, aje sasa hivi. Kila dakika inapunguza nafasi ya jino hilo kushika, kwa hiyo huyu anapita mbele ya wote. Jino la utoto likitoka halirudishwi.

Wasiokuja: kumbusha siku mbili kabla, tena siku moja kabla, na ujumbe udai jibu. "Jibu 1 unakuja, 2 huji." Asiyejibu anapigiwa. Halafu uwe na orodha ya wanaoweza kuja ghafla, jina, namba, kazi anayohitaji, na anachukua dakika ngapi kufika. Orodha isiyo na hiyo safu ya mwisho haina kazi, utapiga simu kumi wote wako mbali.

#8 FundiUpepo

Upepo. Kabla ya kulaumu ukubwa wa kompresa, fanyeni vipimo viwili.

Cha kwanza ni uvujaji. Jaza tangi, zima kompresa, asitumie mtu upepo, angalia geji robo saa. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Pakaza povu la sabuni kwenye maungio, chini ya pedali ya mguu, na ndani ya boksi la sakafuni pale mipira inapoingilia kitini. Dalili nyingine ni kompresa kuwaka yenyewe wakati hakuna anayefanya kazi.

Cha pili, pima shinikizo kwenye mpira wa hendipisi huku hendipisi inazunguka. Kipimo cha kitini kikisema vizuri hendipisi ikiwa imesimama, hakijasema kitu. Turbaini nyingi zinataka kati ya bari 2.2 na 3, soma karatasi ya mtengenezaji. Tangi linashikilia zaidi ya hapo, ndiyo maana kuna kirekebishaji. Kama kiti cha pili kinashuka pale tu kiti cha kwanza kikiwa kinachonga, na hakuna uvujaji, angalia filta na unene wa bomba kabla ya kusema kompresa ni ndogo. Filta iliyoziba ndiyo mchawi mara nyingi.

Tangi litolewe maji kila jioni. Hewa ikibanwa inatoa unyevu, maji yanakaa chini ya tangi, nafasi ya hewa inapungua, kutu inaanza. Kikaushio kikichoka, unyevu unafika kwenye bomba la kukaushia jino. Hapo daktari analaumu gundi ya kompoziti (dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino) kumbe anapuliza ukungu juu ya jino alilolikausha. Jaribio lake ni rahisi: puliza upepo mtupu juu ya kioo cha mdomo kilicho kikavu kwa sekunde chache. Kikipata matone, usizibe kwa kompoziti leo.

Hendipisi zinakufa mapema kwa sababu chache zinazojulikana: shinikizo limepandishwa "ili zikate haraka", mafuta hayatiwi, ncha butu inayomlazimu daktari kukandamiza, na kubonyeza kitufe cha kutolea ncha kabla haijasimama. Mafuta yanatiwa baada ya kusafisha na kabla ya otoklevu, kwenye tundu la upepo, sekunde moja au mbili hadi yatoke safi kichwani. Kisha izungushwe mafuta ya ziada yatoke. Yakibaki yanaungua ndani ya otoklevu na kuwa gundi ya kahawia kwenye beringi. Kishikio cha ncha kitiwe mafuta mara moja kwa wiki kwa mdomo wake maalumu. Kuna hendipisi ambazo mtengenezaji anataka vinginevyo, mfuate yeye.

Na maji ya otoklevu yawe yaliyotoneshwa (distilled). Kuchemsha maji ya bomba hakuondoi chumvi, kinyume chake zinabaki nyingi zaidi kwenye maji machache. Utaona ukoko mweupe kwenye chumba na kwenye vifaa, halafu vali inaanza kubana.

#9 Chapchap_Kazi

Sawa wakuu, nimekubali kwenye klorini na mzunguko wa haraka. Lakini kuna mbinu nyingine: mgonjwa wa kung'oa achomwe ganzi, arudi benchi asubiri ifanye kazi, kiti kipokee mwingine. Mnapata dakika kumi bure.

#10 Dkt_Kiini

Hapana mkuu, hiyo ndiyo dakika kumi ghali kuliko zote. Kuzirai kunatokea mara nyingi muda mfupi tu baada ya sindano, na benchi halina wa kumwangalia wala oksijeni. Akizirai akiwa kitini unamlaza, unainua miguu, anarudi. Akizirai akiwa kwenye benchi anaanguka na kichwa.

Tena dakika zenyewe siyo kumi. Meno ya juu ganzi inashika ndani ya dakika mbili tatu. Ya mshipa wa taya la chini ipe tano au zaidi. Muda huo una kazi: kusoma eksirei tena, kumweleza maagizo ya baada ya kung'oa wakati bado anasikiliza, kusaini ridhaa kama haijasainiwa, na kuhakiki jino.

Kuhakiki jino kunastahili kuandikwa ukutani. Msaidizi anasoma kwa sauti kutoka kwenye faili, namba pamoja na jina: "moja-sita, gego la kwanza, juu, kulia kwa mgonjwa". Daktari anagusa jino kwa probu na kurudia. Mgonjwa akiweza, anaonyesha kwa kidole. Namba peke yake ina hatari, 16 na 26 zinateleza kirahisi, na kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwako. Hatari zaidi ni barua ya kung'oa meno mazima kwa ajili ya kunyoosha mengine, kwa sababu hakuna tundu la kukuongoza, na kama kuna jino lililoshatoka zamani hesabu ya kuanzia katikati inaruka. Hapo hesabu kwa umbo la jino, ukiwa na eksirei mbele yako. Pakiwa na shaka, simu kwa aliyeandika barua kabla ya koleo.

Historia ya afya iulizwe kila ziara, siyo ya kwanza tu. Dawa zimebadilika? Presha, kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio, ujauzito. Maswali haya yaulizwe mapokezi kwa karatasi, daktari athibitishe. Yakiibukia kitini ganzi ikiwa mkononi, umepoteza kipindi kizima. Na oksijeni iangaliwe kila asubuhi: geji ya mtungi, ufunguo upo, barakoa ipo. Adrenalini na dawa nyingine za dharura ziwe kwenye boksi moja lisilofungwa kwa kufuli, tarehe ya kwisha iliyo karibu zaidi ikiandikwa nje ya boksi.

Kuhusu sindano, mleta uzi hajauliza ila nasema. Kifuniko kirudishwe kwa mkono mmoja, kikiwa kimelala kwenye trei. Sefti boksi ikae karibu na kiti, ibadilishwe ikifika robo tatu. Aliyejichoma aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua wala kusugua, atoe taarifa papo hapo. Dawa za kuzuia VVU zina maana zikianza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kwa hiyo "nitamalizia mgonjwa huyu kwanza" haipo.

#11 GegoLaMwisho

Daktari Kiini, heshima yako. Dada Mapokezi, hiyo ya kuachanisha viti dakika 20 inaanza kesho. Swali la stoo: tunaishiwa vitu vidogo vinavyosimamisha kazi kubwa. Gundi ya kompoziti imeisha, au ipo ila haishiki. Mnadhibiti vipi?

#12 TreiMbili

Kuishiwa: kila kitu kiwe na kiwango cha kuagiza. Matumizi ya siku mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba ya wiki moja. Mkitumia boksi moja la glavu kwa siku na mzigo unachukua siku saba, unaagiza yakibaki 14. Usiandike kwenye kompyuta tu. Funga boksi la 14 kwa utepe mwekundu, na kadi ya kuagizia iwe imebandikwa hapo. Anayekata utepe anapeleka kadi mapokezi. Kinachoisha muda mapema kikae mbele, bila kujali kililetwa lini.

Kuharibika: gundi ya kompoziti ina kiyeyushi kinachoruka hewani. Ikimiminwa kwenye kisahani mgonjwa akiwa bado anachunguzwa, inapofika jinoni imebadilika. Mimina inapohitajika, funga chupa papo hapo. Kompoziti ikitoka kwenye friji ipewe muda ifikie joto la chumba, na isiachwe wazi chini ya taa ya kiti, inaanza kuganda. Taa ya kugandishia ikaguliwe ncha yake kila siku, kipande cha kompoziti kilichogandia pale kinakula nusu ya mwanga bila mtu kujua. Unga wa aljineti ukipata unyevu unabadili muda wa kuganda. Alama ya mdomo iliyochukuliwa kwa aljineti isuuzwe, ipulizwe dawa, ifungwe kwa gozi lenye unyevunyevu na imwagiwe plasta ndani ya nusu saa. Ikisubiri dereva wa maabara hadi jioni imeshasinyaa, na meno bandia yatarudi hayakai.

Ganzi: katriji (vichupa vya dawa ya ganzi) zisilowekwe kwenye dawa wala spiriti, inapenya kwenye mpira na mgonjwa analalamika sindano inaunguza. Povu dogo la milimita moja au mbili ndani si tatizo. Povu kubwa na mpira uliosukumwa nje, katriji iligandishwa, tupa.

Moja la mwisho, linaua: dawa ya kusafishia mizizi, haipokloriti, isiwekwe kwenye sindano inayofanana na ya ganzi. Rangi tofauti, lebo, na isijazwe mapema ikakaa mezani.

#13 DadaMapokezi

Naomba niulize upande wa jioni. Kwetu mapokezi tunafunga mahesabu dakika 15 tu, lakini tunawasubiri wa vyumbani saa nzima. FundiUpepo, kufunga kiti kunatakiwa kuchukua muda gani?

#14 FundiUpepo

Dada, dakika 20 kwa kiti, na nusu yake ni kusubiri, kwa hiyo viti viwili vinaenda sambamba.

Anza na mfumo wa kunyonya mate, ndio unaosahaulika. Kila mpira unyonye kama lita moja ya dawa maalumu isiyotoa povu, polepole, huku ukiruhusu hewa iingie katikati. Sabuni ya vyombo hapana, povu linafika kwenye mota na kuizima. Klorini hapana, inayeyusha zebaki kutoka kwenye mabaki ya amalgamu (dawa ya kuzibia meno yenye zebaki) yaliyoko kwenye mabomba. Maji ya moto hapana, yanagandisha damu humo ndani. Kichujio cha kiti kitolewe na kubadilishwa angalau mara moja kwa wiki, kwa glavu nene, na mabaki ya amalgamu yaende kwenye chupa yake yenye kifuniko, kamwe siyo sinki. Mvuto ukipungua ghafla mchana, angalia hapo kabla ya kunipigia.

Chupa ya maji ya kiti itolewe, imwagwe, isukumiwe hewa hadi mipira ikauke, iachwe imeinama usiku. Maji yakilala kwenye mipira membamba, utando wa bakteria unajijenga. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, pitisha maji dakika mbili kwa kila mpira, hendipisi ikiwa haipo. Kupitisha maji kunapunguza bakteria wanaoelea tu, utando wenyewe unahitaji dawa ya mabomba kwa ratiba ya mtengenezaji. Na kwa upasuaji hayo maji hayatumiki kabisa, ni maji tasa au salaini tu.

Mwisho zima kompresa, fungua koki ya chini tangi litoe maji hadi itoke hewa kavu. Funga vali kuu ya maji ya kliniki. Hiyo ya vali watu wanaidharau, lakini mipira midogo ndani ya boksi la sakafuni inakaa na shinikizo usiku kucha, na ikipasuka saa nane usiku hakuna wa kuizima.

#15 GegoLaMwisho

Vali kuu iko nyuma ya kabati la eksirei, haifikiki bila kusogeza kabati. Nafikiri nimepata kazi ya kesho asubuhi kabla ya saa tatu.

#16 FundiUpepo

Ukishasogeza, ning'iniza kibao kwenye mlango wa kutokea: MAJI, UPEPO, OTOKLEVU. Na mkizungusha vali ambayo haijaguswa miaka, izungushwe taratibu huku na huku, isilazimishwe. Uwe na spana na ndoo karibu.